Maman Libérate Aziaga Orodha za Picha

Ijumaa ya tarehe 31 Julai 2015, Maman Libérate Nabintu atazima kompyuta yake kwa mara ya mwisho katika ofisi yetu ya Chumba cha Kurasa, hapa Berea, Durban, baada ya kututumikia kwa miaka kumi na saba na nusu. Alitimiza miaka sitini na mitano mwezi Januari, na kwa haki angekuwa ameshapumzika. Alituomba tumwache amalize kazi moja iliyokuwa mezani, nasi tukaafiki upesi kabla hajabadili mawazo. Kazi yenyewe nitaieleza huko mbele. Ndiyo iliyonifanya mimi, Dominiki wa meza ya jirani, niombe kuandika wasifu huu badala ya kumwachia bosi wetu, Bwana Sultan, ambaye angeandika mistari mitatu na kuita chakula.

Kwa wageni watakaokuwa nasi siku hiyo: sisi hupanga kurasa. Mwanafunzi analeta tasnifu, kanisa linaleta kitabu cha jubilei, nasi tunakipanga kwenye kompyuta mpaka kiwe tayari kwenda kiwandani kuchapwa. Ndani ya kazi hiyo Maman Libérate alishika sehemu ambayo wengi wetu huikimbia: picha, maelezo yanayokaa chini ya kila picha, na ile orodha ya picha inayokaa mwanzoni mwa kitabu. Anayeona ni kazi ndogo ajaribu kuongeza picha moja katikati ya kitabu chenye picha mia mbili, kisha aje tuzungumze.

Alizaliwa Bukavu, na huko alijifunza kazi kwenye kiwanda cha misheni, akipanga herufi za risasi kwa mkono. Vita vya mwaka 1996 vilimtoa kwao, na mwaka uliofuata akafika Durban kwa mdogo wake, Marcelline, aliyekuwa na saluni mtaa wa Point. Hapo alisuka nywele kwa miezi michache. Waliopita mikononi mwake wanasema mistari ilinyooka ajabu, ila mteja aliyeingia asubuhi alitoka jua likizama. Marcelline mwenyewe ndiye aliyemleta kwetu Februari 1998. Alimwambia Bwana Sultan: "Patron, yaya yangu iko na mikono ya kitabu, haiko ya nywele. Umuchukue tu." Yaya kwao ni dada mkubwa. Bwana Sultan, mtu wa Tanga asiyependa maneno mengi, akamchukua.

Ukweli usemwe, Maman na kompyuta hawakupatana mwanzoni. Programu tunayoitumia ina utaratibu wake: unaandika maelezo ya picha, unaipa picha jina la kuiitia, na popote unapotaka kuitaja unaita jina hilo. Namba inahesabiwa na programu yenyewe, na orodha inajiandika. Maman hakuamini kitu kinachojiandika. Karibu mwaka mzima aliendelea kuandika namba kwa mkono, na mwenye kitabu akiongeza picha moja, yeye alianza upya, akihesabu kwa vidole na kuwaita watakatifu kwa Kifaransa. Siku alipokubali yaishe, akawa mkali wa utaratibu kuliko sisi sote.

Majina aliyozipa picha yalitoka jikoni kwao Bukavu. Mwanafunzi mmoja wa uhandisi alifungua faili la tasnifu yake akakuta madaraja yake yanaitwa sombe, makayabu na sambaza. Aliuliza kwa upole kama faili limechanganyika na la mtu mwingine. Maman akamweleza kwamba namba anaweza kuisahau, ila chakula hajawahi kukisahau. Bwana yule alicheka mpaka akaketi, akaomba daraja lake la mwisho liitwe kuku.

Kila mfanyakazi mpya alifundishwa jambo moja kabla hata ya kuonyeshwa choo kiko wapi: maelezo yaandikwe kwanza, jina lifuate. Ukitanguliza jina, programu inashika namba ya sehemu ya sura badala ya namba ya picha, na msomaji anatumwa kusikokuwa na kitu. Maman alilisema kwa Kiswahili chake cha Bukavu, ambako "njo" ni "ndipo": "Mutoto azaliwe kwanza, njo umupe jina." Mimi ni mtu wa Morogoro, na miaka yote hii nimejitahidi kumsahihisha Kiswahili bila mafanikio yoyote. Siku hizi nami nawafundisha wageni kwa maneno hayohayo, na kwa lafudhi yake.

Kuna pia habari ya kuzungusha faili mara mbili. Mzunguko wa kwanza programu inakusanya maelezo, wa pili ndio inayapanga kwenye orodha. Mwaka 2009 Bwana Sultan, akiwahi Clairwood ambako lori la kiwanda lilikuwa likimsubiri, alizungusha mara moja tu. Orodha ya kitabu cha mapishi ikatoka na namba za kurasa za zamani, na aliyetafuta picha ya biriani akafikia supu ya kwato. Tangu hapo, mtu akiondoka ofisini bila kuaga vizuri, Maman humrudisha mlangoni kwa kelele: "Mara mbili!" Wote hurudi na kuaga tena, Bwana Sultan akiwemo.

Lakini alipotufaa hasa ni kwenye maelezo mawili ya picha moja. Programu inaruhusu maelezo marefu yakae chini ya picha, na mengine mafupi yaende kwenye orodha. Sisi tulikuwa wavivu. Tuliacha yale marefu yaende kote, orodha ikajaa majina, tarehe na shukrani mpaka haisomeki. Maman aliketi na wenye kitabu, akawauliza picha hii ni ya nini, na jibu lao la kwanza ndilo alilolifanya fupi. Mwishoni aliisoma orodha nzima kwa sauti, toka juu hadi chini, sisi tukisikiliza. Hivyo ndivyo tulivyokisikia kitabu cha jubilei cha kanisa lake mwenyewe mwaka 2010: ibada ya kwanza gerejini, ubatizo ufukweni, harusi tatu siku moja, blanketi za waliokimbia mashambulizi dhidi ya wageni, zilizotandikwa kati ya mabenchi Mei 2008, mazishi, kwaya mpya. Mimi si muumini wa kanisa lile, wala sikumjua mtu yeyote kwenye picha zile isipokuwa yeye na mdogo wake, na nililia.

Mwaka uliofuata kanisa likagawanyika. Sababu siiandiki, kwa kuwa kila niliyemuuliza alinipa ya kwake. Kati ya wachungaji wake wawili, Pasteur Anicet alibaki na kundi moja, Pasteur Gustave akaondoka na lingine. Maman Libérate akabaki, Marcelline akaondoka. Dada hawa walikuwa wakila pamoja kila Jumapili, wakaacha. Asubuhi Maman alipopita mbele ya saluni ya mdogo wake kwenda kupanda teksi, alitazama upande wa pili wa barabara. Hakuwahi kutuambia kwamba inamuuma, lakini tuliona alivyokonda.

Mwishoni mwa 2014 ndipo ilipoingia ile kazi niliyoitaja. Kwanza walikuja mashemasi wa Pasteur Anicet: kitabu cha jubilei kichapwe upya, picha zote alimo Gustave ziondolewe. Maman akawakatalia, nao ni watu wa kanisa lake. Wiki chache baadaye upande wa Pasteur Gustave ukaleta ombi lilelile kwa kinyume, yaani picha zote alimo Anicet ziondolewe. Aliyetumwa kulileta alikuwa Marcelline, katibu wa kamati yao. Walidhani dada hawezi kumnyima mdogo wake. Ilikuwa mara ya kwanza kwa wawili hao kusimama chumba kimoja tangu kanisa livunjike, na sote pale ofisini tulijua kwamba Maman akikataa, huenda isiwepo nyingine.

Maman alikataa. Alieleza kwamba kule Bukavu, wakati wa herufi za risasi, ukiondoa picha dakika za mwisho namba inaruka, inatoka kumi na moja kwenda kumi na tatu, na msomaji anauliza ya kumi na mbili iko wapi. Programu yetu haina shida hiyo. Picha zinazofuata zinasogea zenyewe, orodha inajiziba, kitabu kinatoka kizima. "Nikitosha hii foto, numero zinajipanga," alimwambia mdogo wake; kutosha kwao ni kutoa. "Hakuna mutu atajua kama pale kulikuwaka mutu. Miye siwezi, Marcelline." Marcelline akamjibu kwa ukali kwamba wenye kitabu ni kamati, na kama hapa haiwezekani watapeleka kwingine. Katika hilo alikuwa na haki.

Maman ndiye aliyetafuta njia. Alisema ataondoa kila picha waliyoitaka, bila ubishi, ila kila moja iache nafasi yake tupu, na namba yake, na maelezo yake, na ibaki kwenye orodha. Kamati itazame nakala moja iliyopangwa hivyo. Wakiipenda, wachukue faili waende nalo popote. Marcelline akakubali, nadhani ili tu atoke mle ndani.

Januari nzima Maman aliweka fremu tupu. Harusi, fremu tupu. Ubatizo, fremu tupu. Sijawahi kumwona akifanya kazi polepole vile, na alipofika picha ya ishirini na tatu alitoka nje kwanza, akarudi, ndipo akaiondoa. Nakala ikapelekwa saluni. Siku zikapita bila jibu, naye akawa anashtuka kila simu inapolia.

Asubuhi moja ya Februari Marcelline aliingia bila kubisha hodi, peke yake, nakala kaikumbatia. Aliifungua juu ya meza ya dada yake, palepale kwenye fremu tupu ya ishirini na tatu. Chini yake palisomeka hivi: "Mazishi ya Maman Adolphine, 2004. Wanaobeba jeneza mbele: Pasteur Anicet na Pasteur Gustave. Nyuma yao, wameshikana mikono: binti zake Libérate na Marcelline." Kamati ilikuwa imesema picha zote alimo Anicet, na mazishi ya mama yao yalikuwa mojawapo.

"Yaya, rudisha," alisema. "Rudisha zote."

Maman akalifungua faili. Alivuta kiti kingine, mdogo wake akaketi, na picha zikaanza kurudi moja moja, wenyewe wakibishana ni fundi gani aliyeshona yale magauni ya msiba. Sisi wengine tulijifanya tuna kazi nyingi sana.

Sitaki kudanganya kwamba wachungaji wamekumbatiana. Makanisa yamebaki mawili. Lakini Marcelline alisimama mbele ya kamati yake akakitetea kitabu kizima, na mashemasi wa upande wa pili waliposikia, nao wakaagiza nakala zao. Kimetoka mwezi uliopita, kilekile kimoja, na picha zake zote. Hiyo ndiyo kazi iliyomchelewesha Maman kustaafu, na hakuna kati yetu anayesikitika kwamba alichelewa.

Kwa niaba ya Bwana Sultan na wenzangu wote, tunamshukuru kwa ukali wake, kwa kahawa ya saa nne, na kwa kutusomea vitabu vya watu kwa sauti kana kwamba wenyewe wamo chumbani. Anahamia Umbilo kwa Marcelline, ambako chumba kimeshapakwa rangi. Inasemekana wamebishana pia kuhusu hiyo rangi.

Nimalizie na jambo ambalo Maman atalisoma hapa kwa mara ya kwanza. Wiki ileile ya Februari, Marcelline alinipigia simu. Alikuwa amemwalika dada yake chakula cha Jumapili, na alitaka nimwambie Maman anaweka vijiko vingapi vya sukari kwenye chai siku hizi, kwa sababu hakuwa na hakika tena na aliona haya kumuuliza. Nilimwambia sukari aliacha tangu 2012, alipougua na daktari akamkataza. Nilimsikia akifunga mlango. Kisha akasema, "Dominiki, sikujuaka kama alikuwaka mugonjwa."

Nenda basi, Maman Libérate. Mna miaka mingi ya kuhadithiana, wewe na mdogo wako, na sisi tunakuombea afya na siku za kutosha za kuimaliza yote.