Kibandiko cha Kocha

Tangu treni iondoke, mama mshonaji alikuwa amekikodolea macho kibandiko mkononi mwa binti mwanariadha aliyeketi mbele yake. Mwishowe uzalendo ukamshinda. "Ni kidonda, mwanangu?"

"Hapana, mama. Kinapima jasho na mapigo ya moyo. Nikitumia dawa zilizokatazwa, kocha anajua papo hapo."

"Na wewe unajua?"

"Majibu yanakwenda kwenye simu yake tu."

"Makubwa! Moyo wako, habari zake kwa mwenzio. Na akikutilia dawa yeye mwenyewe, nani atasema?"

Binti akacheka, lakini chupa ya maji aliyopewa na kocha hakuinywa tena. Treni ikasimama, simu yake ikalia.

"Umekaa kitako," sauti ya kocha ikasikika, "mbona moyo unakwenda mbio? Unaongea na nani?"