Tusipumzishwe: Risala ya Kikundi cha Kijiko cha Pili

Mgeni rasmi, ambaye ndiye Mwenyekiti wa Bodi ya hospitali yetu, Mganga Mfawidhi, wauguzi, wagonjwa mnaotusikiliza kutoka madirishani, mabibi na mabwana.

MAKARIBISHO

Kwa cheo wewe ni mkubwa wetu, kwa umri ni binti yetu, na tangu asubuhi tumebishana nani amwamkie nani. Tumeona tuseme karibu, mengine tutasameheana.

Risala hii naisoma mimi, fundi cherehani mstaafu. Sikuchaguliwa kwa ufasaha. Wenzangu walisema miwani yangu ndiyo pekee isiyofungwa kwa uzi.

HISTORIA

Kikundi chetu kilianzishwa na dereva wa basi mstaafu. Sote humwita Breki, maana hata akitembea, hutembea kama anayekaribia kona. Mkewe alilazwa hapa, Wodi ya Tatu, hadi Mungu alipomchukua. Baada ya mazishi Breki aliendelea kuja kila saa ya chakula, kwa kuwa nyumbani kulikuwa kimya mno. Ndipo alipoona sinia zikirudi jikoni zimejaa. Mgonjwa asiye na ndugu anawekewa uji pembeni, mkono haunyanyuki, muuguzi mmoja ana wagonjwa chungu nzima. Uji unapoa, unaondolewa.

Breki akachukua kijiko. Mgonjwa wake wa kwanza, mama muuza mboga, aligeukia ukutani.

“Baba, haya mambo yamepinduka. Wewe ndiye wa kulishwa, si mimi.”

Breki hakubishana. Alikwenda jikoni, akaomba bakuli jingine na kijiko cha pili, akaketi, akala yeye kwanza. “Haya, basi tule wote. Zamu yako.” Yule mama akaangua kicheko, na anayecheka mdomo uko wazi.

Toka siku ile huo ndio utaratibu wetu: vijiko viwili, kimoja cha mgonjwa, kimoja cha mzee. Hatumharakishi mtu. Na sisi meno yetu yanahesabika.

MAFANIKIO

Mgeni rasmi, hapa tuvumilie, tutajisifu. Mwenye kovu usidhani kapoa, lakini sisi tumepoa!

Katika wodi zote tunazohudumu, sinia sasa zinarudi jikoni tupu. Wauguzi wanakiri wenyewe, na wauguzi wa hapa si watu wa kusifia ovyo. Yule mama muuza mboga alipona, na leo ndiye aliyeleta maua yaliyo mbele yako.

Na sisi je? Tulikuja kusaidia, tukasaidika. Wengi wetu tulikuwa tunakula tumesimama jikoni, peke yetu, au hatuli kabisa. Nani ajipikie mtu mmoja? Sasa tunakula na watu. Kuna mwenzetu, mpokea simu mstaafu, alikuja hapa haongei zaidi ya salamu. Leo tunamwomba anyamaze. Binti yake analalamika, “Mama siku hizi hapokei simu zangu, ati yuko bize.” Tumefurahi, Mgeni rasmi. Tumefurahi kupita tulivyotarajia katika umri huu.

CHANGAMOTO

Ngazi za Wodi ya Tatu ni ndefu. Vijiko vyetu hupotea, na wanaokorogea chai wanajijua. Palikuwapo pia maneno kwamba wazee wanakula chakula cha wagonjwa. Ilikuwa kweli. Siku hizi kila mmoja anakuja na chakula chake kutoka nyumbani.

Hayo ni madogo. Kubwa ni kanuni mpya ya Bodi, kwamba aliyevuka miaka sabini asiingie tena wodini kuhudumu, kwa usalama wake. Mkitutoa sisi, wanabaki wawili, na mmoja wao wiki ijayo anatimiza sabini na moja. Alitudanganya umri.

Tumeona pia bango zuri mlilotutundikia: “Wazee wetu, asanteni, sasa pumzikeni.” Tunawashukuru kwa moyo wenu. Ila neno hilo mtu huandikiwa mara mbili tu: siku ya kustaafu na juu ya kaburi. La kwanza tulishapewa. La pili tunaomba lisubiri. Inatuuma, na hatuoni sababu ya kuficha.

Breki mwenyewe hayupo hapa. Aliteleza nyumbani kwake, akavunjika nyonga, amelazwa Wodi ya Tatu. Kanuni ilipotangazwa alikataa chakula. “Nikipona, narudi kazini au sirudi? Nijibiwe kwanza.” Tulimbembeleza, wapi! Kitanda cha jirani yupo kijana mwashi aliyeanguka jengoni, mikono yote miwili iko kwenye plasta. Jana uji wake ulikuwa unapoa. Breki akajivuta ukingoni, akaomba vijiko viwili.

“Babu, wewe mwenyewe mgonjwa,” kijana akasema. “Nitapata laana.”

“Laana ni kuniacha nile peke yangu. Fungua mdomo.”

Wakala wote wawili, mabakuli yakabaki matupu. Muuguzi alikuja kuzuia, akaisoma upya kanuni, akakuta inawakataza wanaoingia kutoka nje tu. Waliolazwa haiwagusi.

MAOMBI

Tunaomba benchi moja katikati ya ngazi, tupumue.

Tunaomba mtupime mikono, macho na vifua, msitupime miaka. Asiyeweza kufikisha kijiko bila kumwaga, tutamstaafisha wenyewe bila huruma.

Mgeni rasmi, usitulazimishe tuugue wote ndipo turuhusiwe kufanya kazi.

Mungu akujalie umri mrefu, meno imara, na siku yakikuishia, mtu wa kula naye. Hotuba yako tutaisikiliza kwa adabu hadi mwisho, ila tunakusihi lile jibu la Breki ulitangulize. Saa ya chakula imefika, na tungependa kumpandishia pamoja na uji, ukiwa bado moto.

Ni sisi wazee wako,
Kikundi cha Kijiko cha Pili.