Nani Kafunga Geti la Sindano?

Benchi letu liko mbele ya duka la Sindano, fundi cherehani. Mguu mmoja wa benchi umeegemezwa kwa tofali, kwa hiyo utake usitake utamlalia mwenzako. Mimi nashona viatu hapo pembeni, na siku hiyo nilikuwa na soli nne za kubandika. Sikubandika hata moja. Saa tano na nusu Sindano alitoka dukani na simu mkononi, futi ya kupimia shingoni, akasema shamba lake linakufa saa sita mchana. Msicheke kwanza. Shamba lilikuwa la kwenye gemu, sikatai. Lakini dada yake wa tumbo moja alishamnunia miaka mitatu, tangu Sindano alipobeba cherehani ya marehemu mama yao bila kuuliza. Hapigi simu, hajibu salamu. Kitu kimoja tu hakuacha: kila siku aliingia kwenye gemu, akapita getini kwa mdogo wake, akamwagilia nyanya, akatoka kimya. Na geti lile hufunguka mwenye shamba akiwa hewani tu, ndiyo maana Sindano hazimi data hata akiwa msalani. Sasa kampuni imetangaza kwamba gemu linafungwa leo.

Sindano: Zile nyanya zikiondoka, sina dada tena. Basi.

Zege, fundi mwashi, ndiye mwenye zamu ya birika la kahawa. Alimmiminia kikombe, akajimiminia na yeye.

Zege: Tatizo ni msingi. Hawa watu wanajenga gemu juu ya gemu. La chini likianza kupasuka, wanabomoa.

Mimi: Umeliona wapi likipasuka?

Zege: Tazama ukuta wa zizi humo shambani. Miaka mitatu mvua inanyesha, hauna hata ukungu. Plasta gani hiyo? Aliyeuchora hajashika mwiko maisha yake yote.

Kipenga alikohoa. Huyu ni mlinzi wa ghala, siku hiyo alikuwa mapumziko, ila filimbi yake haivui hata siku ya mapumziko.

Kipenga: Mimi nanusa wizi. Sindano, kwa siku unavuna nyanya kiasi gani?

Sindano: Makreti sita.

Kipenga: Yanakwenda wapi?

Sindano: Yanapanda lori.

Kipenga: Na lori?

Sindano: Linatokea huku kulia, linaishia kwenye ukingo wa kioo.

Kipenga: Mnaona? Dunia nzima wanavuna, lori linaishia kwenye kioo, na hakuna aliyewahi kuliona ghala! Hao wenye kampuni wamekula nyanya zetu bure mpaka wameshiba, sasa wanafunga jiko.

Zege: Ndiyo maana nyanya moja inachukua saa nane kuiva. Ukitaka iive haraka, utazame kwanza tangazo la sabuni.

Kipenga: Kwani anayeosha nyanya za lori zima anatumia nini?

Hapo hata mimi nilitikisa kichwa kukubali. Lakini siwezi kukaa kwenye benchi langu nikashindwa na mlinzi.

Mimi: Nyote hamjui kitu. Shida ni yule ng'ombe wa zizini.

Sindano: Amefanya nini?

Mimi: Jana nilimgusa kwa kidole. Akanitazama. Jamani, yule ni mtu, kaajiriwa! Miaka mitatu anatafuna nyasi zilezile, hana likizo. Ameomba kustaafu, na bila yeye gemu haliendi.

 Zege alimimina kahawa tena, safari hii nusu kikombe kila mtu. Sindano hakunywa. Alikuwa akitazama saa.

Sindano: Dakika kumi na tano. Nisaidieni, ndugu zangu.

Kipenga alisimama, akavuta suruali juu.

Kipenga: Mwizi anaingilia mlangoni. Mlango wa hiyo kampuni ni data. Zima! Weka alama ya ndege, wabaki nje na sisi tubaki na shamba.

Lo, tulivyoshangilia! Simu ikawekwa alama ya ndege, ikalazwa juu ya stuli. Zege akapachika vitambaa viwili chini yake ili zizi lisitikisike. Kipenga akasimama mbele, filimbi mdomoni, akawazuia wapita njia wasipite karibu.

Saa sita ikafika. Ng'ombe anatafuna. Saa sita na dakika mbili, bado anatafuna! Kipenga alipuliza filimbi, Zege akanikumbatia, Sindano akaruka akamwaga kahawa yake yote.

Ndipo akaja mama mmoja na gauni lenye zipu mbovu. Akauliza kuna nini, tukamweleza wote kwa pamoja, tena kwa majigambo. Alisikiliza mpaka mwisho.

Mama: Hongereni. Na huyo dada sasa ataingilia wapi?

 Kipenga alitoa filimbi mdomoni taratibu. Sindano aliirukia stuli, akaondoa ile alama ya ndege. Ng'ombe akatoweka. Yakabaki maneno tu: Shamba limefungwa. Asante kwa kucheza.

Alikaa chini kwenye vumbi, mtu mzima na futi yake shingoni. Niliumia, nawaambia kweli, maana na mimi nilishangilia.

Halafu simu ikaita. Alitazama jina, akaturudishia macho, akapokea. Hakuhitaji kuweka sauti ya juu, tulisikia sote.

Dada: Siku ya mwisho! Miaka mitatu nakuja na maji yangu, siku ya mwisho nimesimama getini dakika kumi na tano, umenifungia!

Sindano: Dada! Dada yangu!

Alikuwa analia na kucheka kwa wakati mmoja, kamasi mpaka kwenye futi.

Sindano: Cherehani ipo. Naisafisha kila Ijumaa. Njoo uichukue, au nikuletee mwenyewe kesho, nisamehe tu.

Dada: Hayo ya cherehani tutayaongea nikifika hapo. Niambie kwanza, nani kafunga geti?

Sindano alituangalia. Kipenga alikuwa ameshaitia filimbi mfukoni, anasoma bango la ukutani ambalo limekuwepo hapo tangu mwaka juzi. Mimi niliokota soli. Zege aliinamisha birika juu ya kikombe chake, akalitikisa, na kahawa haikutoka.