Zamu ya Mama Zamu

Ndugu waombolezaji, majirani zetu, na wafanyakazi wa chuo mlioketi hapa mbele.

Jumanne tarehe 12 Novemba 2024, saa tatu asubuhi, mke wangu aliniomba miwani na penseli, akaichukua orodha ya vitu vya sokoni niliyokuwa nimeiandika, akaisoma hadi mwisho, akafuta, akaipanga upya kwa kufuata meza za wauzaji kuanzia langoni, vitunguu kwanza na sabuni mwisho, kisha akanirudishia kwa mkono wa kushoto, kwa kuwa wa kulia uliacha kumtii tangu mwaka jana, akasema, "Mwalimu, ukifuata ya kwako utazunguka soko mara mbili." Hilo ndilo jambo la mwisho la kawaida lililotokea nyumbani kwetu. Niliifuata orodha yake, nikazunguka soko mara moja, nikarudi saa nne na robo.

Ndugu zangu walipendekeza historia hii isomwe na shemeji yangu, kwa kuwa mfiwa hukatika sauti njiani. Niliwashukuru nikakataa, maana historia hii ina tarehe nyingi, na tarehe hizo ninazijua mimi.

Marehemu alizaliwa tarehe 17 Februari 1966, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya baba yake, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano wa fundi cherehani na mkunga, na mama yake alizoea kusema kwamba mtoto huyu alikuja siku ile ile aliyohesabiwa, hakuwahi wala hakuchelewa.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1973 hadi 1979, na sekondari kuanzia 1980 hadi 1983, akafaulu kwa alama za kutosha kuingia chuo cha ualimu. Barua ya kumwita chuoni ilimfikia tarehe 26 Oktoba 1984, siku ishirini na mbili baada ya usajili kufungwa, kwa sababu karani mmoja aliifungia kwenye droo akaenda likizo. Alikwenda na barua yake mkononi, akaambiwa nafasi amepewa mwingine, arudi mwakani, lakini ulipofika mwaka huo baba yake alikuwa hawezi tena kuona tundu la sindano, na binti ndiye aliyeketi kwenye cherehani. Jioni akasomea uhazili na utunzaji wa kumbukumbu, akahitimu Desemba 1986. Ualimu hakuusomea tena. Droo ile hakuisahau.

Tarehe 2 Mei 1988 aliajiriwa kuwa karani msaidizi wa udahili katika chuo cha umma, chuo ambacho uongozi wake umetuheshimu leo kwa shada la maua lililobebwa na watu wawili, na mwaka 2001 akawa afisa udahili. Wengi wenu mlimwona pale dirisha namba tatu, chini ya ngazi, nyuma ya wavu wenye kijitundu cha kupitishia karatasi, na wanafunzi wakampa jina la Mama Zamu, kwa kuwa hakuna aliyewahi kupita mbele ya mwenzake akaona meno yake. Mwaka wake wa kwanza alitengeneza karatasi ya gharama, ukurasa mmoja tu, wenye ada, malazi, mitihani, koti la maabara na hata kufuli la kabati, kwa sababu, alisema, mzazi akitajiwa ada peke yake anadanganywa kwa kuambiwa ukweli. Kila mwombaji alimjibu. Aliyepata alijibiwa, na aliyekosa alijibiwa vilevile, akiandikiwa amepungukiwa alama ngapi, katika somo gani, na arudie wapi. Barua zake, na orodha ya waliochaguliwa, aliziandika kwanza kwa mkono, kwa kaboni, majani matatu, la kwanza la kuchapwa, la pili la faili, na la tatu la mwandishi mwenyewe, kama kanuni ya ofisi ya mwaka 1988 ilivyoagiza. Kompyuta zilipokuja wenzake wakaiacha kaboni, yeye hakuiacha, kwa kuwa kanuni ile haikuwahi kufutwa na mtu yeyote.

Mimi mwenyewe nilimfahamu kupitia dirisha lile, Machi 1989, nikiwa mwalimu mpya wa hesabu, nilipopenyeza mkono juu ya bega la mzee mmoja ili nikabidhi fomu za wanafunzi wangu, naye bila kuinua kichwa akaniambia, "Mwalimu, hata hao waliotangulia wana haraka." Nikarudi nyuma, nikahesabu watu kumi na wanane mbele yangu, na nilipofika dirishani nikawa nimeshaamua. Tulifunga ndoa Jumamosi tarehe 15 Desemba 1990.

Tulijaliwa watoto wawili, wa kiume mwaka 1993 na wa kike mwaka 1997, na wajukuu wawili. Mwaka 2013 mwanetu aliomba nafasi katika chuo kile kile, nafasi zilikuwa sitini, akashika namba sitini na mbili. Mama yake alimpelekea barua mezani, ndani ya bahasha, ikianza na "Ndugu mwombaji". Kijana akasoma, akasema, "Mama, si ungeniambia tu kwa mdomo?" Akajibiwa, "Kwa mdomo hakuna nakala." Mwanetu yupo pale, ni fundi umeme, na barua ile anayo mpaka leo. Naomba mlikumbuke jambo hilo ninapoendelea.

Jumatatu tarehe 3 Oktoba 2022 marehemu alikamilisha orodha ya wanafunzi sitini wa stashahada ya maabara, kwa namba zao na alama zao. Jumatano tarehe 5, saa nane mchana, Mkuu wa Chuo alimwita ofisini, hakumkaribisha kiti, akamwambia, "Mama, kuna vijana wetu kumi na tisa, watafutie pa kukaa." Mke wangu akauliza kama wameomba. Akajibiwa, "Wataomba." Akauliza wale kumi na tisa aliokwisha kuwachagua awapeleke wapi, akajibiwa, "Hao wamezoea kukosa."

Mheshimiwa Mkuu wa Chuo, sijaongeza neno, kwa sababu jioni ile aliyaandika yote, na kesho yake, Alhamisi tarehe 6, akakuandikia barua, "Kufuatia maagizo yako ya mdomo ya jana, naomba uniagize kwa maandishi," majani matatu, na ofisi yako ikaipokea na kugonga mhuri. Hukumjibu. Jumatatu tarehe 10 orodha ilibandikwa kwenye ubao wa matangazo, sitini kamili, na kumi na tisa kati yao hawakuwa wake.

Jumatano tarehe 12 alifika dirishani seremala mmoja, baba wa mwombaji namba nne, binti ambaye katika kemia hakuna aliyempita, akavua kofia, akauliza, "Mama, mwanangu ameshindwa wapi, ili arudie?" Kwa miaka thelathini na minne mke wangu alikuwa na jibu la swali hilo, lenye somo na alama. Siku ile hakuwa nalo. Alisema neno moja tu, "Hajashindwa." Mwisho wa mwezi wazazi kumi na mmoja walisimama getini wakidai maelezo, na tarehe 14 Novemba 2022 marehemu alisimamishwa kazi kwa tuhuma kwamba yeye ndiye aliyeichezea orodha.

Alikabidhi ofisi siku hiyo hiyo, kwa fomu, mihuri miwili, stapla moja, funguo nne. Alimwambia afisa aliyempokea kwamba upo na ufunguo wa tano, wa kioo cha ubao wa matangazo, akajibiwa, "Fomu ina mistari minne, Mama." Akarudi nao nyumbani, akautundika kwenye msumari jikoni, akaandika kikaratasi, "Mali ya chuo."

Iliundwa kamati ya uchunguzi, ikakaa Jumanne tarehe 17 Januari 2023 na Alhamisi tarehe 23 Februari. Siku zote mbili marehemu alikaa kwenye benchi nje ya chumba cha kamati kuanzia saa mbili na nusu asubuhi, bahasha mapajani, na ndani ya bahasha mlikuwa na jani la tatu la orodha yake na jani la tatu la barua yenye mhuri. Wenzake walipita na simu zao, na simu zile zilikuwa na mengi ya kusoma siku hizo. Tarehe 23, saa kumi jioni, katibu wa kamati alitoka, akafunga mlango kwa ufunguo, akageuka, akasema, "Kumbe bado upo, Mama?"

Nilimsihi nizipeleke karatasi zile kwa watu wa magazeti. Nilimsihi usiku na mchana, na sikumsihi kwa upole. Alinijibu, "Miaka thelathini na minne nawaambia watu wasubiri zamu, leo mimi nirukie foleni? Nitazitoa wakiniita." Hawakumwita. Uamuzi wa kamati haukuandikwa, au uliandikwa bila nakala, na mwanamke aliyemjibu kila mtu hakujibiwa na yeyote.

Jumapili tarehe 30 Julai 2023 alipata kiharusi cha kwanza. Nimefundisha hesabu miaka thelathini na sita, sitasema kwamba lililofuata limesababishwa na lililotangulia, kwa kuwa hilo halijathibitishwa. Nimezitaja tarehe, na kila mwenye kichwa ajumlishe mwenyewe. Alijifunza kuandika kwa mkono wa kushoto. Kila mpeleka barua wa posta alipopita mtaani aliuliza kama kuna bahasha ya chuo. Jumanne ile ya tarehe 12 niliporudi kutoka sokoni nilimkuta ameegemea meza, penseli iko chini, tukamfikisha hospitali saa tano, na akafariki saa kumi na dakika arobaini jioni, akiwa na umri wa miaka hamsini na minane, miezi minane na siku ishirini na sita, na zikiwa zimebaki siku mbili itimie miaka miwili tangu asimamishwe.

Chuo kimetuletea aya moja, imechapwa vizuri, na tumeombwa tuisome. Naisoma. "Marehemu aliitumikia taasisi yetu kwa uadilifu mkubwa hadi alipostaafu kwa hiari yake, na pengo lake halitazibika." Nimeisoma kama nilivyoombwa. Marehemu hakustaafu. Uadilifu ni kweli, na ninashukuru kwamba leo, kwa mara ya kwanza, mmeuandika. Karatasi hii ina saini ya Mkuu wa Chuo, nami nitaitunza.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba sita, ambao hawakuwahi kutuficha jambo. Nawashukuru majirani, hasa mama wa nyumba ya kona, aliyemwosha nywele kila Jumamosi kwa miezi kumi na mitano. Nawashukuru wafanyakazi wenzake waliomtembelea katika miaka ile miwili, mfagizi wa ngazi na mpiga chapa, wote wawili. Wengine nawaona leo, karibuni. Namshukuru karani wa masjala katika ofisi ya mkaguzi wa vyuo, aliyenipokelea bahasha yenye vivuli vya karatasi zake jana, tarehe 14 Novemba, akaigonga mhuri na kunipa nakala kabla sijaiomba. Namshukuru seremala, baba wa namba nne, aliyeyaleta mabenchi haya tangu alfajiri na kuyapanga mwenyewe. Mheshimiwa Mkuu wa Chuo, ulilokalia ni la kwake. Kaa tu, hakuna anayekuinua, wale waliozoea kukosa wamezoea pia kusimama.

Limebaki jambo moja. Siku iliyofuata kifo chake, yaani Jumatano tarehe 13, niliamka saa kumi na moja, nikaoga, nikapiga pasi shati jeupe, nikauondoa ufunguo kwenye msumari wa jikoni, nikaichukua bahasha. Nilifika chuoni saa moja na dakika kumi. Mlinzi aliniambia, "Pole sana, Mwalimu," akanifungulia geti bila kuniuliza niendako. Nilikwenda moja kwa moja kwenye ubao wa matangazo, nikafungua kioo, kikafunguka kwa urahisi, nikabandika orodha ya tarehe 3 Oktoba kwa mwandiko wake, na pembeni yake orodha ya tarehe 10, aliyoinakili siku ilipobandikwa, zile namba kumi na tisa nikiwa nimezipigia mstari kwa penseli yake, na chini yake barua yenye mhuri wenu wa kupokelea. Hamna jina la kijana yeyote, ni namba na alama tu, kama alivyotaka siku zote. Nikafunga kioo. Najua vioo huvunjika, na Mkuu wa Chuo huingilia mlango wa nyuma, lakini kabla ya saa tatu wanafunzi walikuwa wameshaupiga picha ukuta mzima. Ufunguo ninao hapa mfukoni. Anayeuhitaji aniandikie barua, kwa mdomo siutoi.

Kisha nikaenda kwenye lile benchi nje ya chumba cha kamati, linalotazamana na ubao, nikakaa pale alipokaa yeye, nikangoja. Saa mbili kasoro robo alipita msichana mmoja mwenye koti la maabara mkononi, akasimama mbele ya ubao, akasoma kuanzia namba moja, akafika namba nne, akaitafuta kwenye orodha ya pembeni, asiione, akarudia, kisha akamwita mwenzake, "Njoo uone."

Mke wangu, umeitwa. Sasa pumzika.