Karatasi Inayotakiwa Kukunjwa

Benchi la Mama Birika, muuza kahawa wa pale kona, lilikuwa na mguu mmoja uliofungwa kamba. Wiki hiyo binti yake, anayefanya kazi maabara, alimwachia karatasi laini ya plastiki yenye kitaa pembeni. Ikipigwa na jua, kitaa kinawaka. “Wape wateja wako waikunjekunje, mama. Sisi mikono yetu ya upole mno. Wiki ikiisha, wakubwa wanakuja kuijaribu. Ikifa mikononi mwao, kazi yetu inafungwa. Heri ife huku, tujue pa kurekebisha.” Mama Birika, ambaye hata nguo zake hakupata muda wa kuzikunja, aliwakabidhi wateja wake wa kila siku, akaendelea kumimina.

— Leo nayo inawaka, alisema Fundi Viatu. Chuma hicho, mama.

— Chuma wapi, alijibu Profesa, aliyepata jina hilo kwa kusoma magazeti ya juzi. Hiyo grafini. Kaboni, kama ncha ya penseli, ila imetandazwa nyembamba hadi jua linapenya. Ndiyo inayokusanya umeme. Ya zamani ilikuwa kama kioo, ukiipinda inapasuka.

— Penseli ipitishe jua? Kunywa kahawa, Profesa.

— Samaki mkunje angali mbichi.

— Samaki kaingiaje hapa?

— Kaingia tu. Wataishonea kwenye mashati. Unatembea, simu inajaa.

— Mimi naibandika kwenye soli.

— Soli inaliona jua saa ngapi?

— Ukikaa umenyoosha miguu, kama wewe kutwa.

— Sasa mji mzima ukivaa, jua lote litaishia mashatini. Mahindi je? Itabidi tuvue kwa zamu ili yaote.

Mama Birika alicheka kidogo. Wiki nzima mikononi mwa hawa, na kitaa hakijazimika. Leo binti yake angelala usingizi.

Mwanamke aliyefuata kiatu chake kwa fundi, aliyekwisha kusikia kuwa karatasi hiyo ni ya kukunjwa, aliinama kuitazama. Ilikuwa imenyooka, haina hata alama.

— Samahani, jamani. Nani kati yenu ameikunja?

Fundi alimtazama Profesa.

— Nilidhani yeye, alisema Fundi.

— Kitu cha mtoto wetu, alisema Profesa taratibu. Unaanzaje kukiharibu?

— Mchelea mwana kulia, alisema Mama Birika, na hakumalizia.

Aliweka birika chini, akafuta mikono, akaichukua karatasi na kuisokota kama anayekamua shuka. Kitaa kilififia, kikatulia, kikaendelea kuwaka.

Akaikamua tena.