Benedetta Akwii na Nafasi Mbili Karibu na Mlango

Mama Benedetta Akwii Oduori, ambaye leo Jumamosi tarehe 30 Agosti 2025 tunamsindikiza hapa nyumbani kwake Mundika, alizaliwa tarehe 2 Februari 1971 huko Adungosi, Teso Kusini. Alikuwa mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Ongodia na marehemu Mama Akiteng, na binti yao wa pekee. Alipokuwa na miaka mitatu alipata homa iliyomlaza siku tisa. Homa iliposhuka, miguu yake haikuamka tena. Ilikuwa polio. Mama yake alimbeba mgongoni hadi alipofikisha miaka saba, ndipo wamisionari walipomletea vyuma vya miguu na magongo mawili ya mbao.

Alisoma shule ya msingi kijijini kuanzia mwaka 1979 hadi 1986. Kaka yake Chrispine, ambaye ndiye anayewasomea maneno haya, alimpeleka kila asubuhi kwa baiskeli ya baba. Njiani Benedetta alisoma kitabu cha hesabu kwa sauti, na kaka yake akipiga pedali vibaya kwa kusikiliza, alimwambia, "Angalia barabara, hesabu niachie mimi." Aliendelea na sekondari kuanzia 1987 hadi 1990, kisha akasomea kazi ya forodha Nairobi. Mwaka 1994 aliajiriwa na kampuni ya uwakala wa forodha pale Malaba. Kwa miaka karibu thelathini alikuwa mtu wa kusoma makaratasi ya mizigo inayovuka kwenda Uganda. Madereva walimwita Madam Karatasi, kwa sababu hakuna sahihi iliyokosekana ambayo hakuiona.

Alifunga ndoa na Bwana Zephaniah Oduori, mwalimu, Jumamosi tarehe 12 Desemba 1998, kanisani Mundika. Padri alimshauri akae kwenye kiti karibu na altare ili misa isichelewe. Alikataa. Alitembea mwenyewe kutoka mlangoni na magongo yake, na kwaya ikalazimika kurudia wimbo ule ule mara nne. Bwana harusi alisema baadaye kwamba alikuwa tayari kuusikia hata mara ya kumi. Mungu aliwajalia watoto wawili, Vivianne na Austine. Mwaka 2011 marehemu alinunua gari dogo aina ya Vitz, lililowekewa breki na mafuta vya kubonyeza kwa mkono badala ya mguu. Yeye aliyekuwa amewatolea watu mamia ya magari mpakani, safari hiyo alilitoa lake mwenyewe, na siku hiyo alipiga honi kutoka Malaba hadi Mundika.

Mwaka 2021 kampuni yake ilihamia jumba jipya la biashara, mali ya mtu mmoja anayeitwa Mzee Okwara. Lilikuwa jumba zuri, na barabara ya kuingia ilikuwa ya kwake pia, ya matofali ya kabro, yenye geti na kizuizi cha chuma. Karibu na mlango zilichorwa nafasi mbili za kuegesha magari ya watu wenye ulemavu. Miezi miwili baada ya kufunguliwa, nafasi moja ilipangwa vyungu vikubwa vya maua vya saruji, na ya pili ikawa ya Prado ya mwenye jumba. Wapangaji wakaambiwa waegeshe kwenye uwanja wa malori, ng'ambo ya barabara kuu.

Marehemu aliandika barua tatu. Ya kwanza haikujibiwa. Ya pili ilijibiwa kwamba hiyo ni ploti ya mtu binafsi na mwenyewe ndiye anayepanga magari yake. Ya tatu ilirudishwa bila kufunguliwa. Basi akawa anaegesha uwanjani na kupita katikati ya malori, asubuhi na jioni, juu ya matope yaliyochanganyika na dizeli.  Mume wake alijua tu kwamba viatu vyake vilianza kunuka mafuta.

Alhamisi tarehe 9 Juni 2022, saa mbili asubuhi, lori lilianza kurudi nyuma akiwa nyuma yake. Dereva hakumwona. Alijaribu kuharakisha, gongo la kushoto likateleza, akaanguka. Aliwaambia watoto wake baadaye kwamba aliyaona matairi yakija, akajiburuta kwa viwiko huku akipiga kelele kwa Kiteso, lugha ambayo dereva yule hakuijua. Mchuuzi wa ndizi ndiye aliyegonga mlango wa lori kwa kiganja mpaka likasimama. Lilisimama hatua moja kutoka kwake. Paja lilikuwa limevunjika kwa kule kuanguka, na alilala kitandani miezi sita.

Katika miezi hiyo alituma mtu akamletee nakala ya ramani ya lile jumba, ile iliyoidhinishwa na ofisi za kaunti. Aliisoma kama alivyosoma makaratasi yote ya maisha yake. Kaka yake alipokuja kumtazama alimwambia, "Dada, Mungu amekuacha hai. Mbona unatafuta vita na tajiri?" Marehemu alikunja ramani, akasema, "Chrispine, nenda nyumbani." Hawakuongea kwa miezi miwili. Kaka huyo anakiri mbele yenu kwamba alikosea.

Jumatatu tarehe 16 Januari 2023 alirudi kazini. Alingoja nje ya geti mpaka kizuizi kilipoinuliwa kwa ajili ya Prado, naye akaingia nyuma yake kabla hakijashuka. Prado ilipoegeshwa, alisimamisha gari lake nyuma yake, akaiziba, akazima injini.

Askari wa getini alikuwa Mzee Dancan, mtu wa makamo mwenye watoto chuoni. Alikuja na mnyororo wa kufungia magurudumu.

"Madam, wameniambia nikufunge."

"Funga, Mzee Dancan. Usikose kazi kwa sababu yangu. Lakini mimi sitoki."

Alifungwa. Jua likapanda. Hakuwa amekunywa hata chai, kwa sababu alijua hataweza kwenda msalani. Saa tano mume wake alifika mbio kutoka shuleni, akazuiwa getini. Alimwona mke wake kupitia vyuma vya geti, akamwita. Marehemu akainua mkono kidogo, akaurudisha kwenye usukani. Bwana Zephaniah anasema hajawahi kuogopa hivyo tangu azaliwe.

Saa saba Mzee Okwara alitoka na vijana wanne. Akawaambia wainue gari waliweke kando.

"Na yeye ndani?" mmoja akauliza.

"Na yeye ndani."

Waliinua upande wa nyuma. Gari likainama, magongo yakaanguka kutoka kiti cha abiria, na marehemu akagonga paja lile lile kwenye mlango. Alilia kwa maumivu, sauti ikasikika hadi uwanja wa malori, na madereva wakaanza kuvuka barabara. Hapo ndipo Mzee Dancan alipoweka funguo za geti chini, mbele ya mwajiri wake, akaketi kwenye kabro na kuegemea gurudumu la mbele.

"Bosi, nisamehe," alisema. "Mkiinua tena, mtaniinua na mimi."

Vijana waliliteremsha gari polepole. Getini tayari walikuwapo watu zaidi ya hamsini. Mzee Okwara alikwenda dirishani.

"Mama, barabara hii nimejenga mimi. Geti ni langu, kabro ni yangu. Serikali haikuniletea hata tofali."

"Nimekubali, mzee," marehemu alijibu, akimpa ramani dirishani. "Barabara ni yako. Na hii ramani pia ni yako, sahihi yako ndiyo hii. Nafasi mbili, karibu na mlango. Uliruhusiwa kujenga ukiwa umeahidi hizi."

"Wewe ni mtu mmoja. Nitenge nafasi mbili kwa ajili ya mtu mmoja?"

"Umenihesabu mimi kwa sababu nimeingia. Wengine wameishia getini."

Mzee Okwara alitazama ramani, akaitupa kitini na kusema watakutana mahakamani. Mnyororo ulifunguliwa saa tisa. Mzee Dancan alifukuzwa kazi siku iyo hiyo. Wiki iliyofuata kampuni ya marehemu ilipewa ilani ya kuhama. Kabla wenzake hawajalazimika kuchagua kati yake na ofisi, alimpelekea bosi wake barua ya kujiuzulu, akaanza kufanya kazi zake za forodha akiwa ndani ya gari, kando ya barabara kuu, karatasi zikiwa juu ya usukani. Yeye mwenyewe alimchukua Mzee Dancan awe msaidizi wake, na walifanya kazi pamoja hadi mwisho.

Kesi ya zile nafasi mbili ilichukua miezi kumi. Kuna jioni mbili ambazo gari lisilojulikana lilimfuata kutoka Busia hadi njia ya kuingia Mundika. Alizima taa akasimama kando ya barabara mpaka likapita. Ijumaa tarehe 10 Novemba 2023 mahakama iliamua kwamba barabara kuwa ya mtu binafsi hakumruhusu mwenyewe kuwafungia nje watu wenye ulemavu, ikiwa jumba limefunguliwa kwa kila mtu. Vyungu viliondolewa. Mistari ikachorwa upya. Mzee Okwara hakuwahi kuomba msamaha, na marehemu hakuwahi kumsalimia. Familia haitasema uongo mbele ya jeneza.

Mwishoni mwa mwaka 2024 alianza kukosa pumzi. Alitibiwa Busia, kisha akapelekwa Eldoret, ambako madaktari walisema moyo umepanuka na misuli ya kifua imedhoofika. Alirudi nyumbani mara mbili. Mara ya tatu hakurudi. Alifariki Jumapili tarehe 17 Agosti 2025, saa kumi na moja alfajiri, mume wake akimshika mkono wa kulia na binti yake Vivianne mkono wa kushoto. Usiku wake wa mwisho hakuzungumzia ugonjwa. Alimuuliza Vivianne kama faili la Anjeline limepigwa mihuri yote.

Anjeline ni jirani aliyepanga katika mtaa mmoja wa nyumba za kibinafsi nje ya mji wa Busia. Mwanawe wa miaka kumi na minne hawezi kutembea, na mtaa huo umekataza gari linalomchukua kwenda shule kuvuka geti, kwa hiyo mama humbeba mgongoni hadi barabarani, mvua au jua. Marehemu ndiye aliyemwandikia madai yake, karatasi kwa karatasi, akiwa amelala na mashine ya hewa puani.

Marehemu ameacha mume, Bwana Zephaniah Oduori, watoto, Vivianne na Austine, mkwe mmoja, mjukuu mmoja, Asio, kaka zake, Chrispine na wengine wawili, na Mzee Dancan, ambaye familia imeomba awe miongoni mwa watakaobeba jeneza.

Kesi ya Anjeline itasikilizwa Busia, Jumanne tarehe 9 Septemba 2025, saa tatu asubuhi. Faili liko kamili. Anayeweza kuja, aje.

Mungu amlaze Benedetta mahali pema. Siku hiyo, saa tatu, sisi tutakuwa tumefika.