Kengele ya Fundi Pankrasi

Kijiwe cha Mfaranyaki kilikuwa ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali, ukutani mwa lililokuwa duka la ushirika. Tangu biashara ziwe ruksa, duka lile lilikuwa limegeuka chumba cha kuonyeshea video, na mlangoni palibandikwa picha za Wazungu waliovimba misuli hadi shingo hazionekani. Pembeni ya ubao Pankrasi, fundi baiskeli, alitandaza gunia lake la spana, karai la maji na viraka. Na kila asubuhi ya siku ya kazi, kwa miaka tisa, Bakili wa Tunduru alifika hapo na birika lake la kahawa, akigonganisha vikombe, na kikombe cha kwanza kilikuwa cha fundi, atake asitake. Jumatano hii ilikuwa siku ya tatu bila Bakili. Kahawa ilichemshwa na Refa, mwamuzi wa zamani, kwenye sufuria iliyotoka kupikiwa maharage.

— Refa, hii kahawa au dawa ya minyoo? aliuliza Iddi, ambaye kwa kutangaza habari za watu bila kuombwa aliitwa Redio.

— Kunywa. Mvumilivu hula mbivu.

— Mbivu ndiyo hii? Hii imeungua!

— Bakili angekuwepo, alianza Saimon, mwenye video, waliyemwita Kaseti. Hakumalizia.

Wote wakamtazama Pankrasi. Yeye alikuwa amezamisha mpira wa baiskeli kwenye karai akitafuta tundu linalotoa mapovu. Tundu alishaliona zamani. Aliendelea kulitafuta.

Kisa chenyewe kilijulikana mpaka sokoni. Jumamosi ilikuwa fainali ya mieleka ya vyuo vya mkoa, ndani ya duara lililomwagiwa maranda ya mbao. Dastan wa Pankrasi, wa chuo cha ualimu, alikutana na Daimu wa Bakili, wa chuo cha ufundi. Dakika ya mwisho Dastan alimbeba Daimu mzimamzima akamlaza chali, filimbi ikalia, na mpaka hapo hapakuwa na neno. Neno lilikuja baadaye. Dastan alimkanyaga mwenzake kifuani, akahesabu moja mpaka tatu ingawa hakuna aliyemwomba hesabu, akaweka viganja shavuni akajifanya amesinzia, kisha akakata kiuno. Kijiwe kizima kikaingia uwanjani kikamnyanyua juu. Na Pankrasi, mtu wa miaka hamsini na mbili, mzee wa jumuiya kanisani, alipanda baiskeli yake akauzunguka uwanja mara tatu huku akipiga kengele.

— Mimi nasema Bakili ana hasira za bure, alisema Kaseti. Asiyekubali kushindwa si mshindani.

— Aliyeshindwa ni mwanawe, Refa alimsahihisha. Bakili hakushindana na mtu.

— Basi ndiyo mbaya zaidi! Hakushindana, halafu hakubali kushindwa!

Refa aliweka kikombe chini. Alikuwa amepuliza filimbi miaka kumi na sita, kuanzia mpira wa miguu mpaka kuvuta kamba, na tangu astaafu hakuna alichokikosa kama kuonya watu.

— Sikilizeni. Filimbi ya mwisho ikilia, mchezo umekwisha. Ule mguu kifuani ulikuja baada ya filimbi. Kwa hiyo haukuwa mieleka.

— Ulikuwa nini?

— Mchezo mwingine. Na huo haukuwa na refa.

— Achana na sheria zako za mwaka arobaini na saba, alisema Kaseti. Njoo ndani nikuwekee mkanda uone wenzetu. Mshindi anapanda juu ya kamba, anajipiga kifua, anamtukana mwenzie mama na baba, halafu anamtwanga kiti cha mgongo. Kiti, bwana! Dastan alimpiga nani kiti? Kwa viwango vya kimataifa yule kijana ni mpole.

— Wale wanaigiza.

— Wanaigiza? Mtu anavuja damu!

— Mimi nilisikia daktari mmoja redioni, Redio aliingilia. Anasema furaha ukiizuia inateremka kwenye ini. Dastan angejizuia, leo tungekuwa tunampelekea uji wodini.

— Daktari gani huyo?

— Redio ina picha? Nilisikia sauti tu. Lakini sauti ya msomi.

— Kama ni ugonjwa, basi iwekewe utaratibu, alisema Refa, na jicho lake likaanza kung'aa. Mshindi apewe dakika mbili za kufurahi, zipimwe kwa saa. Kiuno kisizidi mara nne. Iundwe kamati, kuanzia kata mpaka mkoa.

— Kamati ya viuno?

— Ya furaha. Na aliyeanguka naye apewe dakika moja ya kununa. Haba na haba hujaza kibaba.

— Hapo umenena, Kaseti alipiga paja. Na mimi nitaomba zabuni. Mieleka watu waangalie bure, ila ile furaha peke yake iwe na kiingilio. Soko huria! Tutaleta vijana hawajui hata mieleka, kazi yao kushangilia tu.

— Watamshangilia nani kama hakuna aliyeshinda?

— Huyo si tatizo. Tutamteua.

Walicheka mpaka ubao ukayumba. Pankrasi hakucheka. Redio, ambaye hakuweza kuona mtu amenyamaza akamwacha salama, alimgeukia.

— Fundi, wewe ndiye mwenye mtoto. Unasemaje?

— Kijana kashinda, kafurahi. Niacheni nizibe pancha.

Hakuwaambia la Jumapili. Walipotoka misa Dastan alimsubiri nje, akiwa ameinamisha kichwa kile kile alichokilaza viganjani jana yake uwanjani. "Baba," alisema, "nilivyofanya nimejiona vibaya. Twende kwa mzee Bakili nikamwone Daimu." Pankrasi akamjibu, "Mshindi hajipeleki. Wenzake ndio huja kumpongeza." Aliyatamka kama maneno ya mababu, na hali aliyatunga palepale mlangoni mwa kanisa. Mtoto akatii. Tangu siku hiyo sentensi ile ilimkaa baba mtu kooni kama mwiba wa samaki, na kahawa ya Refa haikuuteremsha.

Ndipo akatokea mwanamke mmoja anakokota baiskeli, gurudumu la nyuma limelala, gunia la mpunga limefungwa kwenye keria. Alikuwa mtu mzima, miguu imejaa vumbi jekundu la njia ndefu.

— Habari za hapa, wazee wangu.

— Nzuri, mama. Mgeni njoo, mwenyeji apone! alisema Redio akimpisha kwenye ubao. Ila kahawa usiiguse, itakurudisha ulikotoka.

— Nimetoka Lusewa. Naitwa Leticia. Fundi, nisaidie, nimesukuma tangu daraja la kule chini.

Pankrasi alipindua baiskeli akaanza kutoa tairi. Mgeni alikaa, na kabla hajafuta jasho Redio alikuwa ameshamfungulia matangazo: fainali, maranda, mguu kifuani, usingizi wa uongo. Kaseti aliongeza kiuno. Refa aliongeza kamati. Kengele aliitaja Redio, kwa sauti ya chini kidogo, huku akimtazama fundi.

Leticia alisikiliza mpaka mwisho. Hakucheka wala hakukunja uso.

— Na huyo aliyeanguka, aliuliza, nani alimpangusa mgongo?

— Alimpangusa vipi?

— Si mmesema walikuwa kwenye maranda? Kijana ana jasho, kalazwa chali. Yale maranda ya mgongoni, nani alimpangusa?

Redio alijikuna kisogo, akasema:

— Mimi nilikuwa nimeshika mguu wa kushoto wa Dastan.

— Mimi bega, alisema Kaseti.

— Mimi nilikuwa mbele, alisema Refa. Nafungua njia.

— Sikuuliza mlishika nini, alisema Leticia kwa upole.

Refa alivua kofia akaipakata. Alipozungumza tena, ile sauti ya filimbi ilikuwa imemtoka.

— Anasema kweli huyu mama. Sisi tulipokuwa tunachunga mbuzi tulipigana mieleka kila siku ya Mungu. Ukimwangusha mwenzio, wewe ndiye unamwinua, wewe ndiye unampangusa mgongo. Mkono wake mwenyewe haufiki. Usipompangusa, jioni mama yako anaambiwa, na hiyo fimbo yake! Hata wewe, fundi, ulinipangusa mimi.

— Mara nyingi, alisema Pankrasi.

— Usizidishe.

— Na kwetu ni hivyo hivyo, alisema Leticia. Ndiyo maana nikauliza.

Pankrasi alikuwa amebana kiraka kwa vidole viwili, gundi imeshakauka, na bado alikibana. Wenzake walikuwa hawajui jibu. Yeye alilijua. Mzunguko wa tatu, kengele ikilia, alimwona Bakili anaweka birika chini, anaingia kwenye duara peke yake, anamshika mwanawe mkono, anamwinua. Kisha kwa kiganja kitupu anampangusa maranda mgongoni, taratibu, kama anamwogesha mtoto mchanga, na Daimu ni kijana mwenye ndevu. Walikuwa wanatoka uwanjani pale baiskeli ilipowafikia. Bakili aligeuka. Hakutukana, hakukunja hata uso. Alimvuta mwanawe pembeni kidogo, akapisha.

— Baba yake, alisema Pankrasi.

— Nani?

— Bakili ndiye aliyempangusa. Nilimwona kwa macho yangu. Nikampigia kengele, naye akanipisha.

Ndani ya chumba cha video mtu alikuwa ameweka mkanda wa majaribio, wakasikia umati wa mbali wa Wazungu ukishangilia. Kaseti aliinuka akaenda kuuzima.

— Mzazi akimpangusa mwanawe haihesabiki, alisema Leticia. Huyo kijana bado hajapanguswa.

Pankrasi alirudisha mpira ndani ya tairi, akajaza upepo, akajaribu gurudumu, likazunguka sawasawa. Alimkabidhi mama baiskeli yake, na huyo mama alipoanza kufungua fundo la khanga yake kutafuta malipo, fundi alimzuia kwa mkono. Kisha akanawa kwenye karai kwa sabuni ya mche, akisugua grisi mpaka kwenye viwiko, jambo ambalo kwa kawaida alilifanya Jumapili tu.

— Kaseti, Dastan atapita hapa saa kumi akitoka chuo. Mwambie nipo Msamala, kwa Bakili. Anifuate.

— Nimwambie kuna nini?

— Mwambie baba yake alimdanganya Jumapili. Na aje na mikono yake miwili.

Alikunja gunia la spana akalisukuma chini ya ubao, akajifuta kwa shati, akashika njia. Alikuwa ameshafika kwenye kona Redio aliposhtuka. Baiskeli ya fundi, ile ile ya Jumamosi, ilikuwa bado imeegemea ukutani, kengele yake inang'aa juani.

— Fundi! Fundi, umesahau baiskeli!

Pankrasi hakusimama.

— Leo naenda kwa miguu, alijibu. Nisije nikapishwa tena.